Mshenga wa Maboga

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.
Mimi nilisingizia mbegu,
nikasingizia maji ya kisima, yana chumvi,
nikamsingizia hata Bi Mwamtoro na jicho lake
linalopita juu ya ukuta wangu hapa Chamazi.
Maboga yalivimba ukubwa wa ndimu,
yakageuka manjano, yakadondoka.

Basi kila alfajiri, kabla ya chai,
nikachukua brashi ya rangi ya mjukuu wangu Shemsa
nikawa mshenga:
natoa chavua kwa ua dume, napeleka kwa ua jike,
nimeinama na kiuno changu cha miaka sitini na tatu,
bila kilemba, bila mkaja,
bila hata kusikia hodi yangu ikijibiwa.

Washenga wenyewe walikwenda wapi?
Niliutazama ua wangu kwa macho yao.
Ua usio na ua la kumshibisha nyuki.
Vitofali vya zege toka getini hadi jikoni,
na vile vichaka vyekundu vya kununua,
vimepambwa kama bibi harusi wa dirisha la duka:
nguo ipo, mtu hayupo.

Nikaenda kitaluni kwa Mwinshehe, Rangi Tatu.
"Hili limetoka nje, mama, linachanua mwaka mzima."
Linachanua, ndiyo. Lina mbochi?
Akacheka. Swali hilo hajawahi kuulizwa
na mteja mwenye miguu miwili.
Nikasema nataka ya huku huku,
yanayoijua chumvi hii na mchanga huu.
"Hayo hayauzwi, mama. Hayo yanafyekwa."

Usiku nikaishusha ukutani kalenda ya duka la mabati,
nikaanza kugawa zamu.
Masika: mgagani, nusu mboga, nusu maua,
na kivumbasi dirishani, mbu wachukie, nyuki wapende.
Kipupwe: shubiri mwitu, inainua mienge yake
kwa ajili ya chozi. Ndege, si lile la mashavuni.
Julai, mbaazi. Najua, asili yake si hapa,
lakini mgeni siku mbili,
na huyu jembe alilishika tangu enzi za bibi wa bibi yangu.
Vuli, mkwaju wa msikitini. Sina haja ya kuupanda;
nyuki haulizi hati ya kiwanja.
Asumini ya mwitu kwa nondo,
si hizi zilizochomoza juu ya nyumba ya jirani
mwaka wa sita sasa, zinaliwa na kutu,
bali wale wa usiku, wenye mabawa ya unga.

Januari ikabaki nyeupe.
Februari nayo.
Bomba linakohoa upepo, kaskazi inaleta vumbi,
na nyuki hali kalenda.
Ukimfungisha miezi miwili hangoji daku,
anahama na ukoo wake wote.

Nikangoja. Nikapanda nilivyovipata,
vingine kwa mbegu za kuomba, vingine kwa kuiba kipande njiani.
Shubiri moja ilioza. Mgagani tuliula wote, kosa langu.

Halafu Januari yenyewe, saa nne asubuhi,
natoka getini na ndoo ya taka, nasikia mvumo.
Kando ya mtaro, palepale
nilipomlipa kijana elfu tano afyeke,
mkwamba umechipua kwa kisirani,
vijiua vya rangi ya maji ya kunde, vidogo kuliko mtama,
na juu yake umati, kama siku ya hitima,
hakuna aliyealikwa, wote wamefika.
Niliigeuza ndoo nikaikalia.

"Mbona unakiachia kichaka?" Bi Mwamtoro, ukutani.
Nina wageni, nikamwambia.
Siku hizi maji ya kuoshea mchele nayatoa nje ya geti.

Brashi nimemrudishia Shemsa.
Kachora paka mweusi; paka ana manjano kidogo begani,
haitoki, tumeosha mara tatu.

Boga moja limeshika.
Moja.
Sisemi zaidi, kuna mtu anasikiliza.