Mizani ya Muhoroni

Washairi wana mizani yao, ya kuhesabu silabi.
Yangu ni ya chuma, imelazwa langoni mwa kiwanda,
inabeba tani sitini bila kuguna.
Vina sina. Kina, labda, tutaona.

Miaka kumi na saba napima miwa.
Trekta linapanda, namba zinatulia, naandika.
Linarudi tupu, linapanda tena, naandika.
Natoa ya pili kwenye ya kwanza:
kinachobaki ndicho miwa, ndicho karo,
ndicho ugomvi wa kesho dirishani.

Macho niliacha kuyaamini mwaka wa trela la Omuga.
Miwa michache, mikavu, imelala kama iliyochoka,
na mizani ikasema tani kumi na nne.
Nikaizima, nikaiwasha. Kumi na nne.
Tukapakua hadi chini, tukakuta mawe ya mto Nyando
yamefunikwa majani kwa adabu, kama wagonjwa.
Kisichoonekana hakikukosa uzito.
Kilikosa mwanga tu.

Apondi, binti ya kaka yangu, anasoma fizikia Maseno.
Alicheka nilipomsimulia, kisha akaacha kucheka.
Shangazi, akasema, hata mbingu zimepakiwa hivyo.
Nyota za pembezoni mwa galaksi
zinakimbia kuliko zinavyoruhusiwa;
zingekuwa zimetawanyika zamani, kama makapi.
Kuna kitu kinazishika. Hesabu yake ipo:
kama mara tano ya vyote vinavyong'aa na visivyong'aa tunavyovijua,
na hakuna aliyewahi kulipakua trela lile hadi chini.

Wengine wanadhani ni chembe zisizogusana na chochote.
Wengine (hapo akasogeza kikombe cha chai)
wanadhani ni mashimo meusi,
si yale yanayobaki nyota kubwa ikifa,
bali ya kale, ya sekunde ile ya kwanza,
kabla ya nyota, kabla ya kuwako cha kufa.

Kwetu kaburi huja baada ya mtu.
Haya yalichimbwa kabla ya msiba wa kwanza.

Nieleze kikiwanda, nikamwambia.
Akaniuliza kama nimewahi kusimama
kando ya karai la sukari guru.
Ulimwengu wote ulikuwa karai hilo: moto, mzito,
laini karibu kabisa. Karibu.
Hapa palizidi kidogo, pale palipungua kidogo,
na palipozidi sana pakavuta majirani
pakajikunja, pakafunga mlango kwa ndani.
Chukua milima ya Nandi ile, akanyoosha kidole,
na mashamba yake ya chai, na barabara, na ukungu wake,
ikandamize hadi iwe ndogo kuliko atomu.
Uzito haupungui hata ratili.

Nani ameona? nikauliza.
Bado, akasema.
Wanakesha wakitazama nyota za mbali;
shimo likipita mbele ya mojawapo,
mwanga wa nyota hiyo utazidi kwa muda,
kisha utarudi ulivyokuwa.
Basi wanangoja.

Nililipenda neno hilo, bado.
Dirishani kwangu hakuna anayelitumia.
Wanasema umetuibia, au wanasema asante.

Jana saa nane usiku stima ilipotea.
Kiwanda kikanyamaza, harufu ya molasi ikabaki,
na juu ya bomba la moshi nyota zikamwagika
nyingi kuliko ninavyolipwa kuhesabu.
Mizani ilikuwa tupu, ikiishi kwa betri.
Sifuri. Sifuri.
Halafu, bila trekta, bila mbwa, bila upepo wowote,
kilo ishirini.
Nilihesabu pumzi nne. Sifuri.

Fundi atasema ni waya. Pengine ni waya.
Mimi nina daftari, na daftari halijui pengine:
nikaandika saa, nikaandika kilo,
na kwenye safu ya mwenye mzigo nikapiga mstari.

Asubuhi msimamizi akaweka kidole pale.
Kilo ishirini hizi ni za nani?
Bado, nikamjibu.
Akaanza kutafuta kalamu nyekundu.
Nje, trekta la kwanza lilikuwa limeshapanda.