Kipimo cha Kumi na Saba

Saa nne asubuhi nalivika tawi mfuko,
plastiki angavu, mrija mdomoni,
pampu ndogo inakoroma kama paka.
Mama Nyanzobe, mwenye mkaratusi,
amesimama na ungo wa dagaa kiunoni:
"Umeshikwa na homa?"
"Hapana. Unapumua tu. Nautegea."

Jua linapanda mawe ya Luchelele.
Jani linapata moto, na kwa kujikinga
linaachia kitu kisicho na rangi,
isoprini, jina gumu kwa kitu chepesi hivi.
Usiku halitoi. Wingu likipita linapunguza,
kama msengenyaji
aliyesikia mlango ukifunguliwa.

Hewani yuko mfagizi,
umri wake haufiki sekunde,
kazi yake kuzoa kinachoelea.
Pumzi ya jani ikimwahi, anahangaika nayo,
na methani, ile ipandayo ndani ya mabua ya mafunjo
kutoka tope la ghuba,
inapita haijaguswa,
inakaa angani kuliko siku zake.

Hayo ni ya huku.
Mchana upepo wa ziwa unapoingia nchi kavu
pumzi ileile inafika Mkuyuni,
bodaboda zinanguruma,
lori la saruji linapanda kwa gia ya kwanza.
Moshi na pumzi vinakutana juani,
vinazaa ozoni.
Ya juu kabisa hutukinga.
Hii ya chini hukwaruza koo,
hutia madoa majani ya maharage.

Namweleza haya kwa Kisukuma changu kibovu.
Anamfukuza kuku kwenye dagaa.
"Kwa hiyo mti wangu una hatia."
Nasema hapana. Nasema ni moshi.
Nasema, pasipo moshi pumzi hii ...
kisha naikumbuka methani,
nanyamaza.

"Marehemu alipanda mitatu," anasema,
"mwaka aliozaliwa Ngolo.
Miwili tuliiuza nguzo, ikalipa ada.
Huu ulikuwa umepinda, hawakuutaka.
Andika na hilo."

Pampu inazima. Nakaza kifuniko, nabandika karatasi:
kumi na saba, saa nne na dakika arobaini, jua kali.
Kwenye nafasi ya upepo, ambao leo haujaamka,
naandika kwa penseli:
umepinda. Nguzo mbili. Ada.