Treni Haifiki At-Bashy

Saa mbili usiku, jiko la makaa ya mawe limenuna,
nami nakuandikia kwa vidole viwili
kama mtu anayebisha hodi kwa tajiri:
nitengenezee hesabu kumi za darasa la nne.
Na za darasa la pili. Wanakaa chumba kimoja.

Hukukohoa, hukuuliza chai iko wapi,
tayari umemaliza.
Treni mbili zinaondoka stesheni saa moja asubuhi,
moja inakimbia, nyingine inajivuta,
zitakutana wapi?
Zitakutana hukohuko kwako, mwenzangu.
Hapa At-Bashy reli hatujaiona hata ndotoni.
Nurjigit atanyoosha mkono aulize treni inakula nini.

Nakwambia: weka farasi.
Unaniomba radhi (adabu unayo, kumshinda mkaguzi wa wilaya),
unaweka farasi wawili,
unawapa mwendo wa kilomita mia na ishirini kwa saa
na kuwavusha mlima mwezi wa Januari
bila kuwapumzisha.
Nimecheka peke yangu hadi paka akahama.
Farasi wa namna hiyo,
baba yake Bekzat angeuza nyumba amnunue.

Nafuta. Kilomita saba kwa saa.
Theluji ya magoti. Mapumziko mara moja.
Sasa hesabu inatoka jasho.

Na Kikirigizi chako:
kimenyooka kama shati la dukani
ambalo hakuna aliyewahi kulivaa.
Neno moja umeazima kwa Wakazaki, jingine kwa Waturuki,
ukadhani jirani na ndugu ni mtu mmoja.
Mkono unatafuta kalamu nyekundu, unakuta kioo.

Lakini nisikudhulumu.
Miaka kumi na tisa nimenakili mazoezi kwa mkono,
kaboni chini, taa juu,
hadi kidole hiki kikaota sugu.
Jana nililala saa tatu. Saa tatu!
Asubuhi Toktosun akaniuliza kama naumwa.
Na ile hadithi ya mbweha aliyeshindwa kugawa mkate,
sijui umeiokota wapi,
watoto waliisikiliza midomo wazi,
hata kengele ilipolia hakuna aliyenyanyuka.

Ila zoezi la saba.
Chora familia yako ikila chakula cha jioni jana,
kisha andika kila mmoja alisema nini.
Zoezi zuri. Mhadhiri wangu wa chuo angelipigia makofi.
Wewe utajuaje
kwamba mama yake Aijamal anafagia ngazi za maghorofa Moscow,
mwaka wa tatu huu,
na baba amemfuata, au amemkimbia, hatujaelewa,
na bibi aliyebaki naye ni kiziwi.
Jana jioni katika nyumba ile
hakuna aliyesema kitu.

Nimekaa na mstari huo
muda mrefu kuliko ulioutumia kuandika yote.
Sikukueleza.
Yako mambo ya watoto wangu
nisiyoyatia katika kisanduku chako,
hata ungeniomba kwa adabu zako zote.
Nimefuta, nikaandika mwenyewe:
chora mnyama mmoja wa nyumbani kwenu.
Anataka kusema nini?

Asubuhi printa ya shule inakohoa,
karatasi za mwisho zimetoka na michirizi.
Aijamal amechora mbwa mwenye sikio moja,
kando ya barabara.
Chini yake, kwa herufi kubwa:
GARI LIKIPITA MIMI HUSIMAMA.

Alama gani nimpe, sijui.
Hili nalo sikuulizi.
Nimeikunja karatasi, iko mfukoni mwa koti.

Nyuma ya darasa Nurjigit bado anabishana na hesabu.
Hawatakutana, anasema.
Yule farasi wa pili ana akili:
akiona theluji imefika magotini
atageuza, atarudi nyumbani.

Jibu lako lilikuwa kilomita ishirini na moja.
Nimempa vema.