Picha Isiyo na Shingo

Aliposikia atapigwa picha
Bi Ndeanasia aligeuza njia, akarudi Kirua,
akaja kesho yake na kitenge kipya,
hereni za harusi ya mwanawe,
mafuta yaking'aa shavuni.
Nikamwambia, mama, kamera hii haijali shavu.
"Basi ipige inachojali," akacheka,
"lakini shingo usiiache."

Chumba chetu kiko juu ya duka la mbegu, Kiboriloni.
Chini mitumba inaita: buku, buku, chagua mwenyewe!
Mimi nafunga pazia.
Kidevu hapa. Paji la uso hapa.
Fumbua jicho kama mtu aliyeitwa jina lake usiku.
Usipepese.
Na mwanga, kijani na mwekundu kwa pamoja,
unaingia na kutoka
kope zikiwa bado zinashauriana.

"Ni hiyo tu?"
Wote huuliza. Ni hiyo tu.

Nilipoanza kazi tulichungulia kwa tundu la ufunguo:
kipande cha ukuta, mguu mmoja wa meza,
tukazunguka, tukaunganisha, tukasema nyumba ni nzima.
Leo retina yake imejitandaza kwenye kompyuta
karibu yote, kwa mpigo mmoja,
ila chini kidogo, ambako kope zimejipenyeza pichani
kama ukoka kwenye kingo za mfongo.

Na ni mifongo hasa.
Banio ni lile duara la manjano.
Mmoja unapanda, mwingine unashuka,
inagawanyika kihamba kwa kihamba
hadi kwa yule jirani wa mwisho
anayelalamika kila kiangazi.
Nimekulia Mamba, najua:
mfongo haupasuki banioni, mbele ya kamati.
Hupasuka kule mwisho,
nyuma ya mgomba wa mtu asiyekuja msaragambo,
na huku juu ndizi zinaendelea kunenepa.

Ombeni, mlinzi wetu wa geti, ana miaka thelathini na minne.
Anasoma namba ya gari kabla mimi sijaliona gari.
Mchana mmoja mashine ilikuwa haina mtu,
nikamwambia kaa, nijaribu taa.
Pembeni, juu, mbali na kila anachokitazama:
mpasuko mdogo, umbo la kiatu cha farasi.
"Mbona naona vizuri?"
Ndiyo, Ombeni. Unaona vizuri.
Wiki hiyohiyo Dokta Mshiu akauzungushia leza,
kama mtu anayeshindilia udongo kabla ya masika.
Siku mbili Ombeni hakunisalimia.
Ya tatu akamleta mkewe.

Elirehema, miaka sita, hakuletwa na ugonjwa.
Aliletwa na kalenda.
Alikaa juu ya vitabu viwili vya risiti kidevu kifike,
akaniuliza kama mashine inaona anachowaza.
Picha yake: hakuna kitu.
Nimeihifadhi hiyo hakuna kitu, na tarehe yake.
Mwakani tutaiweka kando ya nyingine, tuulize kuna nini kipya.

Dokta Mshiu hataki niisifie mno mashine.
Bado hupima presha ya jicho kwa mkono wake,
bado wengine huwatia dawa ya kutanua mboni
wakatoka nje wakilitukana jua.
"Picha," husema, "inatuonyesha mlango wa kubisha hodi."

Kwa Bi Ndeanasia alibisha hodi kwenye vidoti vinne,
vyekundu, vidogo kama utitiri wa kuku.
"Chai unakunywaje, mama?"
"Ya kawaida."
"Sukari vijiko vingapi?"
"Vya kawaida."
Kimya.
Chini mtu ameuza koti, anahesabu chenji kwa sauti.
"Vitano," akasema, akiuambia mkoba wake.

Akapewa barua ya kliniki ya sukari.
Akaikunja mara nne, akaitia kifuani.
Mlangoni akageuka:
nimchapishie ile picha, kubwa, ya rangi.
Ataitundika sebuleni kando ya ile ya kipaimara.
Wageni wakiuliza ni sayari gani ile,
atawaambia ni yeye,
siku aliyoonekana hadi ukingoni,
na fundi akasahau shingo.