Kumekuchwa

Kipimajoto tumekiazima ukutani mwa sauna,
kile cha mbao, cheusi kwa moshi wa miaka;
mama hauamini mshale wa oveni.
"Huo husema hamsini moto ukiwa tisini,
kama shemeji yangu Eino akihesabu glasi alizokunywa."

Nje, theluji ya Kuopio imepanda hadi vizingiti vya madirisha.
Ndani, tumevua vioo viwili vya dirisha la zamani,
tumevisugua kwa siki hata chembe isibaki,
maana vumbi likibanwa na joto
huandika wimbo wake humo, na haufutiki.

Kwanza tulijaribu na santuri isiyo na mwenyewe,
nyimbo za Krismasi, senti hamsini sokoni kwa mitumba.
Tulizidisha moto.
Ilitoka bakuli.
Sasa imekaa mlangoni, imeshika funguo na vitunguu saumu,
na kila mgeni hulazimishwa kuisifu.

Ya pili ndiyo yenyewe.
Nakala mia tatu tu, mwaka wa sabini na nane.
Upande wa kwanza, tango nne,
na katika ya tatu, kodiani ni ya baba.
Jina lake hawakuliandika. Mama aliliandika kwa kalamu ya risasi
kwenye karatasi ya katikati, kando ya tundu:
URHO, kwa herufi za mtu anayedai deni.

Haijapata kuchezwa nyumbani.
Siku aliyoipokea aliiacha kiti cha nyuma cha Lada,
nje ya ukumbi wa dansi, akasema kumekuchwa.
Kumekuchwa wapi, mwezi wa Juni, huku kwetu,
ambako kuchwa na kucha vimetengwa na herufi moja?
Jua lililizunguka gari usiku kucha, mwizi asiye na haraka.
Asubuhi santuri imekunja kiuno.
"Si kitu," alisema baba,
"mpiga besi aliuharibu wimbo wa tatu."
Hawakusemezana hadi viazi vilipovunwa.

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa.
Juu ya kumkunjua, hakuna aliyetuachia neno.

Digrii hamsini na tano.
Mlango wa oveni umezuiwa na mwiko usifunge.
Mama yuko kigodani, miwani imefanya ukungu,
anachungulia kama anayeoka mkate asioruhusiwa kuuonja.
Dakika nane. Tisa.
Ukingo unalegea, unashuka
bila kishindo,
kama bega la mtu aliyeambiwa basi, yamekwisha.

Upesi, glavu, toa, weka mezani, usiinamishe!
Juu ya kioo kamusi,
juu ya kamusi kikaango cha chuma cha marehemu bibi,
juu ya kikaango kitabu cha nyimbo za kanisa
("nacho kifanye kazi," asema mama, ambaye haendi).
Hakuna kugusa mpaka asubuhi.
Usiku nasikia sakafu ikilia chini ya miguu yake,
mara mbili,
na bomba halifunguliwi.

Sindano inashuka.
Wimbo wa kwanza ungali unapepesuka,
sauti inateleza kama mtu barafuni kwa viatu vya kiangazi.
Wa pili unapata miguu.
Wa tatu,
mama ameshika ukingo wa meza,
kodiani inaingia, pana, yenye pumzi,
inakwenda vizuri, inakwenda,
na pale pa kugeukia, kidole kinakosa.
Noti moja. Peupe.
Besi iko chini yake, imenyooka kama uzi wa fundi.

Mama hasemi kitu.
Kahawa inachemka hadi inamwagika, naye hasemi kitu.
Kisha: "Mpiga besi."
Kisha, akicheka hata miwani inamvuka, "Mpiga besi!"
na tayari mkono wake umekwisha inua sindano,
unairudisha nyuma, taratibu, mstari mmoja,
ili amkamate tena.