Hakikukatika Leo

Ililia mara moja tu, ta!,
kama mfupa wa kuku mdomoni mwa mtu mwenye haraka,
na Landrova ikasita juu ya mawe ya Maziwang'ombe:
injini inanguruma, gia imeingia,
propela inazunguka kama pia,
na tairi hazina habari.

Nyuma yangu magunia kumi na tisa ya mwani mbichi
yanachuruzika chumvi njia nzima.
Ya Bi Mize binti Asaa. Na gari ni lake,
kalinunua kamba moja moja,
miaka kumi na moja, maji kiunoni.

Nikabonyeza kirungu cha manjano.
Mbele ikaivuta nyuma iliyokufa
mpaka Konde, mwendo wa jeneza.

Fundi Ngwali hakuuliza kitu.
Akapiga jeki, akatia na magogo, maana jeki haina ahadi,
akafungua boliti sita, akavuta.
Shafti ikaja nusu.
Nusu imebaki ndani ya difu,
imelala kwenye oili nyeusi kama wino wa chuoni.

Tukaanza na sumaku ya spika ya redio
tuliyoifunga kwenye ufito wa mwavuli.
Ikang'ata, ikaachia.
Ikang'ata, ikaachia.
Tukaenda kuswali adhuhuri, tukarudi.
Ndipo akachomoa waya wa breki ya baiskeli,
akaukunja kitanzi, akalala ubavu, akafumba macho,
akauingiza kama mamaake, Tumbe, maji yakitoka,
alivyokuwa akiingiza kijiti pangoni mwa pweza:
humuoni, unamsikiliza kwa kidole.
"Njoo," akakiambia chuma. "Njoo, babu, usinipe dhiki."
Kikaja.

Akakifuta, akanipa, uso wa mkato juu.
"Soma."

Nusu ya uso iling'ara, punje punje,
kama sukari iliyomwagika sasa hivi.
Nusu ya pili kahawia, laini,
ina mistari ya duara, mmoja nje ya mwenziwe,
kama alama za maji yanayopanda kidogo kidogo.

"Hichi hakikukatika leo, Shaame.
Leo kimemaliza tu."

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu miezi kinyumenyume:
Shaaban, usiku, taa nimezizima,
safari nne za mawe
ya msingi wa nyumba yangu mimi,
gari la mtu, dizeli ya mtu,
na kwenye mpando wa mwisho ile sauti ndogo, ti,
niliyoikoholea nisiisikie.

Wete nilikwenda mara mbili.
Kuna gari bovu nyuma ya ghala, kuku wanataga kiti cha dereva.
Nikafungua shafti, meno kumi, nzima, nikaibeba begani.
"Hii ya kulia, fupi," akasema Ngwali. "Weye umevunja ya kushoto."
Nikarudi. Kuku walinitazama kama wananidai.

Gasiketi akaikata kwenye boksi la biskuti.
Shafti akaisukuma, akaizungusha, akangoja.
Meno yakionana kuna sauti yake, nzito, fupi,
kama mtu mzima anaposema "haya".

Bi Mize alikuja alasiri,
pesa kazifunga ncha ya kanga, zina unyevu.
"Kimevunjwa na nini?"
Ngwali akainama kutafuta spana
aliyokuwa ameishika.
"Mawe, Bi Mize," nikasema.
Si uongo.
Sikusema mawe ya nani.

Akakipima mkononi kile kipande kirefu.
"Nipeni hichi. Kigingi hichi hakiliwi na mdudu."

Siku za bamvua, maji yakikauka, nakiona toka barabarani:
vigingi vya mti vyote vimeinama huku na huku,
kimoja kiko wima, kina kutu,
kimevaa mwani mpaka shingoni.
Mara tatu nimepunguza mwendo.

Leo nimezima injini.
Nimekunja suruali.
Yeye yuko kule, mgongo kaupa pwani, anafunga kamba,
na kutoka hapa hadi alipo
ni mawe matupu.