Ndoo ya Tope Jeusi

Pember aliileta mwenyewe,
akaitua mlangoni kwa kishindo, akasema:
"Chini ya kokoto, mita saba. Linanuka kama bwawa."
Alitaka mfupa.
Dereva wa katapila, miaka thelathini
akichimbua kokoto kando ya Mto Trent,
anajua kuwa mfupa wa mamothi huingia gazetini.

Tulimwaga tope kwenye chekeche,
tukaliosha hadi maji yakatoka meupe.
Kisha mafuta ya taa, kidogo kidogo, tukikoroga kwa mkono,
kisha maji baridi. Tukangoja.
Vijiti vilizama. Mchanga ulizama.
Mbawa zikaelea.

Bi Oldroyd alizidaka kwa brashi ya nywele tatu,
kichwa hapa, kifua pale, na bawa lenye mistari
linalong'aa bado, kijani cha shaba,
kana kwamba mwenyewe kalivua jana usiku, akalale.
Hakuuliza umri. Kila kipande alikiuliza
kilikula nini, kilivumilia Januari ya namna gani.
Huyu ni wa nyasi fupi, basi hapakuwa na mti.
Huyu ni wa ukingo wa kijito
kinachoganda miezi minane.
Na huyu mweusi, mnene, mla mavi—

"Mavi ya nani?" akauliza Pember.

"Ya mfupa wako."

Alicheka mpaka akashika meza.
Bi Oldroyd hakucheka. Alisema
jamaa za mbawakawa huyu leo wako Tibeti tu,
juu kabisa, penye upepo na yaki.
Hakubadilika hata unywele.
Baridi ilipokunja jamvi, naye alikunja lake,
wakaondoka pamoja.

Pember akavua kofia.
"Baba yangu alifuata makaa ya mawe.
Durham kwanza, halafu hapa. Mgodi ulipofungwa…"
Akaitazama ndoo. Hakumalizia.

Jioni, nikifuta dirisha,
nilimkuta mmoja mzima, mwekundu mwenye madoa,
akitembea juu ya rangi iliyobambuka.
Bi Oldroyd akavaa miwani,
akafungua kitabu cha wadudu wa kaunti yetu,
akakifunga.
"Wa kusini," akasema. "Wa kwenye mizabibu."

Tulimfunika kwa gilasi.
Nikaandika tarehe, saa, joto la nje,
nikakosea, nikafuta, nikaandika tena
namba ileile.